Wageni wa Upande wa Mto

Swali lilikuwa rahisi: nani aliona shuka safi zikipelekwa vyumbani jioni ile ya mafuriko? Inspekta Nasambu aliliuliza katika ukumbi wa kulia wa Hoteli Kipepeo, mtaa wa Fedha, na kijana aliyeketi mbele yake akamjibu kuhusu chai.

"Madam, hapa chai inaletwa baridi," alisema Mulongo, muuzaji wa dawa za mifugo aliyekuja Nairobi kikazi kutoka Bungoma. "Taulo niliyopewa ina unyevu. Mapokezi nimepiga simu mpaka nikachoka. Ukiniuliza mimi, hoteli ilienda na yale maji. Hili lililobaki ni jengo tu."

"Nimeuliza jioni ya mafuriko."

"Sikuwepo. Nilikuja baadaye, barabara zilipofunguliwa."

"Uko chumba cha wapi?"

"Ghorofa ya kwanza, upande wa mto. Na maji ya moto hakuna."

Nasambu alimshukuru, akamwacha aendelee kuikoroga chai yake isiyofuka hata moshi. Konstebo Wahome, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, alimfuata hadi kwenye ngazi.

Walikuwa wamekuja kwa sababu ya mtu mmoja, Ayuma, dobi wa hoteli hiyo. Maji yalipopungua alikutwa amekufa kando ya mto, mbali kidogo chini ya hoteli. Wengi walikufa usiku ule, na faili lake lilikuwa karibu kufungwa kama yale mengine. Aliyekataa ni kaka yake Kweyu, fundi wa kuchomelea vyuma huko Kayole. Alifika kituoni akasimama mbele ya meza ya Nasambu, akakataa kiti.

"Walimwokota akiwa na aproni ya kazi," alisema. "Madam, dada yangu akimaliza kazi anaoga, anavaa nguo ya kutoka. Hata kwenda dukani hapo nje haendi na aproni. Meneja anasema alitoka mapema akaenda zake nyumbani. Alitokaje na aproni?"

Ndiyo maana Nasambu alikuwa akitafuta shuka. Bedan, meneja wa Kipepeo, alikuwa ameandikisha taarifa kwamba chumba cha kufulia kilifungwa mchana wa siku ile na dobi akaruhusiwa aende. Ikiwa kuna mgeni aliyepelekewa shuka zenye joto la pasi jioni, basi meneja amedanganya. Ikiwa hakuna, basi Ayuma alikufa njiani kama watu wengine, na Kweyu angelazimika kuikubali habari hiyo.

Mgeni wa pili alikuwa Bi Kathini, mwalimu mstaafu kutoka Kitui. Alikuwa ameshuka Nairobi kwa kesi ya shamba katika mahakama za Makadara. Mafuriko yakaahirisha kesi, naye akabaki hotelini kuisubiri. Chumba chake kilikuwa kwenye korido ileile na cha Mulongo, mlango wa tatu. Aliwafungulia akiwa amejifunga leso, nyuma yake chupa ya chai ikifuka moshi juu ya meza ndogo, kando ya sahani ya maembe yaliyokatwa vipande.

"Karibuni. Kunyweni chai, ni ya sasa hivi."

Nasambu alionja. Ilikuwa moto kiasi cha kuunguza ulimi, na ilikuwa na tangawizi.

"Mama, jioni ya mafuriko uliletewa shuka?"

"Siku ile? Siku ile sikuletewa chochote. Huduma ilikuwa mbaya, mwanangu, usiseme. Tangu nilipofika hapa ilikuwa mbaya. Unaagiza ugali unaletewa wali. Lakini baada ya mafuriko!" Aliweka mkono kifuani. "Sijui Mungu aliwagusa vipi hawa watoto. Kila asubuhi naoga maji ya moto. Yule msichana wangu anayefanya usafi ananiuliza kama nimelala vizuri, kama baridi haikunipata. Nilikohoa siku moja, jioni nikaletewa supu ya kuku. Watoto wangu mwenyewe hawanifanyii hivyo."

Wahome alikohoa kidogo. Nasambu aliangalia bafu lililokuwa wazi. Ndoo ya maji ilikuwa pale, na kioo cha ukutani kilikuwa bado na mvuke.

"Upande huu una maji ya moto?" aliuliza.

"Si ndiyo hayo."

Mgeni wa tatu, Shire, mfanyabiashara kijana wa nguo kutoka Garissa, walimkuta akijiandaa kwenda Eastleigh kuona mzigo wake. Naye pia alikuwepo usiku wa mafuriko, na hakukumbuka shuka. Lakini alikumbuka kwamba chakula chake sasa kilipikwa kwenye sufuria ya peke yake, bila yeye kuomba, baada ya mtu wa jikoni kugundua kwamba anakula halali.

"Na nikiwapa kitu kidogo cha shukrani wanakataa," alisema akifunga saa mkononi. "Dada, nimekaa hoteli nyingi Nairobi hii. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mhudumu anakataa."

Walipotoka, Wahome alisimama katikati ya korido, akaangalia milango kushoto na kulia.

"Madam, hii inanizungusha. Ni hoteli moja, ghorofa moja, upande mmoja. Huyu anasema hoteli imekufa, hao wengine wanasema ni peponi. Nani anadanganya?"

"Hakuna anayedanganya. Chai yake tumeiona ni baridi, na ya Mama tumeionja."

"Basi ni umri. Mama ni mzee, wanamheshimu."

"Shire ni mzee?"

"Basi wanatoa bakshishi."

"Wanatoa, zinakataliwa."

Wahome alikuna kichwa. Nasambu alitembea hadi mwisho wa korido, mahali dirisha lilipotazama mto. Chini yake aliona ukuta wa nyuma wa hoteli, na katika ukuta huo sehemu kubwa ya matofali mapya ambayo bado hayakuwa yamepigwa rangi. Nyuma ya ukuta huo ndipo chumba cha kufulia kilipokuwa, chini ya jikoni, kimechimbwa ardhini. Alikaa akiitazama sehemu ile. Alikuja kutafuta shuka, na sasa kichwani alikuwa na supu ya kuku, maembe na taulo yenye unyevu, wala hakujua avipange vipi.

Kisha akageuka.

"Mulongo alikuja lini?"

"Barabara zilipofunguliwa."

"Na hao wawili?"

"Walikuwa hapa usiku ule."

"Walikuwa hapa usiku ule, juu ya chumba cha kufulia. Na tangu siku hiyo wanabembelezwa." Nasambu alianza kushuka ngazi. "Mtu anawanunua, Wahome. Kuna kitu walikiona, na meneja anawafunga mdomo kwa supu."

Nadharia hiyo ilionekana kukaa sawa. Kwa muda wa ngazi zile chache ilikaa sawa kabisa.

Bedan aliwapokea ofisini kwake kwa adabu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole na shati lililonyooka, na alikuwa na tabia ya kuinama kidogo akisikiliza, kama daktari.

"Nimekuja kukupongeza," Nasambu alisema. "Bi Kathini na Bwana Shire wanasema hawajawahi kuhudumiwa hivi. Maji ya moto, supu, chakula cha sufuria ya peke yake. Uliamua lini kuwatunza hao wawili?"

Nasambu alikuwa amejiandaa kumwona akishtuka, au akitabasamu. Bedan hakufanya lolote kati ya hayo. Alikunja uso, kama mtu aliyesomewa barua ya mtu mwingine.

"Mimi?"

"Wewe ndiye meneja."

"Inspekta, hao wageni nimewaomba wahame. Nimewatafutia vyumba mjini, hoteli nzuri kuliko hii, kwa gharama yetu. Wanakataa. Upande ule una ukarabati. Maji ya moto nimeyafunga tangu wiki ile ya mafuriko."

"Mama Kathini ameoga maji ya moto leo asubuhi."

"Haiwezekani."

"Nimeona mvuke kwenye kioo."

Bedan aligeuza shingo akautazama mlango wa jikoni uliokuwa nyuma ya kioo cha ofisi. Aliutazama kwa muda. Aliporudisha macho, sauti yake ilikuwa ya upole uleule.

"Nitafuatilia," alisema.

"Kile chumba cha chini ningependa kukiona."

"Funguo anazo fundi. Kesho asubuhi atakuwepo. Ukuta ule ulibomolewa na maji, tumeujenga upya, hakuna cha kuona ila saruji."

Nje ya ofisi, Wahome alisubiri mpaka wakafika karibu na lango ndipo akazungumza.

"Madam, yule hakuwa anaigiza."

"Najua."

"Kumbe si yeye anayewabembeleza."

"Najua, Wahome!" Nasambu alikasirika, si kwa Wahome. Nadharia yake ilikuwa imevunjika mikononi mwake, na vipande vyake havikufanana na kitu chochote. Mtu mwenye sababu ya kuwanyamazisha wageni alikuwa akiwafukuza. Mtu mwingine, asiyejulikana, alikuwa akiwazuia wasiende, kwa chai ya tangawizi. "Kaa hapa langoni. Gari lolote likija kubeba mgeni, nipigie."

Yeye alizunguka nyuma ya jengo. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na jiko la makaa chini ya bati, na juu ya jiko sufuria kubwa, ile ya kusongea ugali wa watu wengi, ikichemsha maji matupu. Msichana mmoja mwenye sare ya wahudumu wa vyumba alikuwa akichota kwa kopo na kujaza ndoo. Alifunika ndoo kwa taulo, akaibeba kuelekea ngazi za nyuma. Nasambu alimfikia kwenye ngazi ya kwanza, akashika upande mmoja wa mpini. Msichana aligeuka, akaganda.

"Unaitwa nani?"

"Mukami." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Afande, ukinichukua hapa mbele ya watu, kazi yangu imeisha."

"Sijaja kukuchukua. Ndoo ni nzito, nakusaidia tu. Ni ya nani?"

"Ya Mama wa pale juu. Anaoga tena jioni, miguu inamuuma."

"Meneja amefunga maji ya moto upande ule."

"Ndiyo tunachemsha."

"Nani?"

"Sisi wote. Mpishi, askari wa lango, mimi. Kila mtu analeta makaa kidogo kutoka kwake."

"Kwa nini?"

Mukami aliangalia juu ya ngazi, kisha chini. Walikuwa wamesimama mahali ambapo ngazi zinapinda, na hapakuwa na mtu.

"Asiende," alisema.

Waliweka ndoo chini. Mukami aliongea haraka, akiwa amekunja taulo mikononi. Siku ya mafuriko yeye alikuwa ametoka mapema, mvua ilipoanza kuwa kubwa, kwa sababu nyumba yao ya Kayole iko bondeni. Ayuma alibaki. Alisema anamaliza shuka za upande wa mto halafu anafuata. Asubuhi iliyofuata Mukami alirudi, akakuta mlango wa chuma wa chumba cha kufulia umefungwa, na magunia ya mchanga yamepangwa mbele yake. Meneja akasema Ayuma alitoka mchana. Mukami akanyamaza, maana ni yeye aliyetoka mapema, na ni yeye aliyemwacha Ayuma humo.

"Halafu nikapeleka chai juu. Yule Mama akaniuliza, 'Pampu imetengenezwa? Iligonga usiku kucha chini ya kitanda changu.' Nikaenda kwa Shire, naye akaniuliza hivyohivyo. Pampu, pampu." Alifuta uso kwa taulo. "Nikashuka nikamwambia mpishi. Tukaangaliana tu. Afande, pampu ya hii hoteli iko juu ya paa. Huko chini haijawahi kuwa na pampu."

Nasambu alihisi vile vipande vikianza kusogeleana: aproni, mlango uliofungwa, ukuta uliobomolewa na maji upande wa mto.

"Mbona hamkuja kituoni?"

"Polisi walikuja hapa kwanza, wawili. Waliketi kwa ofisi ya meneja, wakala kuku, wakaenda. Na sisi hatukuona kitu. Waliosikia ni hao wageni, na hao hawajui walisikia nini. Tukasema, wakirudi kwao, nani atakuja kusema? Mmoja yuko Kitui, mwingine Garissa. Ndiyo tukasema tuwatunze. Wasione sababu ya kuondoka mpaka mtu aje aulize vizuri."

"Hamkuwaambia wenyewe?"

"Wangeogopa. Ungelala wewe juu ya hicho chumba?"

"Na Mulongo?"

Mukami aliona haya. "Yule wa dawa za ng'ombe? Pole yake. Wenzetu wengi nyumba zao zilienda na maji, hawajarudi kazini. Tuliobaki tukimaliza kuhudumia hawa wawili, mikono imekwisha. Na yule hakusikia kitu." Alishika mpini wa ndoo tena. "Afande, Mama kesi yake iliisha jana. Kesho anarudi kwao. Hata tukimchinjia mbuzi hatakaa."

Simu ya Nasambu ililia. Alikuwa Wahome.

"Madam, kuna teksi imeingia. Meneja mwenyewe anashusha mizigo ya Mama."

Nasambu alishuka ngazi mbio. Kosa lilikuwa lake, naye alilijua wakati miguu yake ikigonga saruji: yeye ndiye aliyemwambia Bedan kuhusu mvuke kwenye kioo. Yeye ndiye aliyemwonyesha kwamba wageni wale wawili wana maana.

Kwenye mapokezi alimkuta Bi Kathini amesimama na mkoba begani, amechanganyikiwa, na masanduku yake yakiwa mlangoni. Wahome alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake. Dereva wa teksi alikuwa akiuliza kama safari ipo au haipo.

"Ni nyaya za umeme," Bedan alikuwa akieleza kwa upole. "Zimeshika maji ukutani. Mama huyu akipigwa na umeme, nani atajibu? Siwezi kuchezea maisha ya mgeni."

"Mama," Nasambu alisema, bado anahema, "usiku wa mafuriko ulisikia nini?"

"Mwanangu, si uliniuliza shuka tu?"

"Niliuliza vibaya. Sasa nauliza hili."

"Nilisikia pampu."

"Nani alikuambia ni pampu?"

Bi Kathini alimwonyesha Bedan kwa kidevu. "Huyu. Nilishuka hapa mwenyewe, na tochi, maji yakiwa yanaingia pale kwenye zulia. Nikamwambia kuna kitu kinagonga chini ya sakafu yangu. Akasema ni pampu, maji yameishinda nguvu, nirudi nilale."

"Wageni walikuwa na hofu," Bedan alisema. "Nilisema lolote la kuwatuliza. Kulikuwa na kelele kila mahali, mti, mabati, maji. Inspekta, huwezi kumshtaki mtu kwa kelele."

"Pampu ya hoteli iko wapi?"

"Sioni inahusiana vipi..."

"Iko juu ya paa."

Haikuwa sauti ya Bedan. Mlangoni mwa jikoni alikuwa amesimama mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, mikono ikiwa na unga.

"Phelister, rudi jikoni," Bedan alisema.

Mpishi hakurudi. Nyuma yake akatokea askari wa lango, kofia mkononi. Kisha Mukami, bado ameshika ile taulo. Hawakusogea mbele wala nyuma.

"Iko juu ya paa tangu hoteli ijengwe," Phelister alisema tena, safari hii akimwangalia Bi Kathini. "Chini kuna mashine za kufulia, na mlango mmoja. Huo mlango siku ile uliwekewa magunia kwa nje, jikoni kusiingie maji. Funguo zilikuwa kwa meneja."

Bi Kathini aliwatazama wote mmoja mmoja. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma sentensi polepole kwa kuwa hataki kufika mwisho wake. Mkoba uliteleza begani ukaanguka. Hakuuokota.

"Nilishuka mara ya pili," alisema kwa sauti ya chini, akimwambia Bedan. "Unakumbuka? Nilikuambia pampu inaita. Ukacheka. Ukaniambia, Mama, pampu huita watu?"

Bedan alifungua kinywa. Upole wote ulikuwa umemtoka, na bila huo alionekana mdogo. "Maji yalikuwa yanapanda," alisema. "Kulikuwa na watu ishirini juu. Ningefungua ule mlango, yangeingia yote. Ningefanya nini?"

Wahome alimsogelea, akamshika mkono juu ya kiwiko. Bedan hakujivuta.

"Ilikuwa inaita nani, Mama?" Nasambu aliuliza.

Bi Kathini alifikiri. Kisha akamgeukia yule msichana aliyemletea maji ya moto siku zote zile, ambaye hakuwahi kumuuliza jina.

"Mtu anaitwa Mukami," alisema. "Ilimwita mpaka karibu na asubuhi. Msichana wangu, wewe unamjua?"

Taulo ilidondoka. Phelister alimkumbatia Mukami kwa mikono yake yote miwili, unga ukamjaa mgongoni. Dereva wa teksi alivua kofia bila kujua kwa nini.

Nasambu alivuta kiti kutoka mezani pa mapokezi, akakiweka mbele ya Bi Kathini.

"Keti, Mama," alisema. "Anza pale mvua ilipoanza."